Pikapu ya umeme na tela, Mtwara mpaka Tandahimba: uzoefu wangu

Ndiyo, inavuta. Naanza na jibu kwa sababu swali ni lile lile kila ninaposimama, iwe sokoni Mtwara mjini au nje ya ghala la korosho: "Hii ya umeme nayo inavuta tela?" Inavuta, tena bila kelele. Unakanyaga, inaondoka, hakuna gia ya kutafuta, hakuna klachi ya kunuka, hakuna moshi wa kuwaachia waliokaa barazani. Swali lenye faida zaidi ni hili: ikivuta, inafika wapi? Nimesoma na kutazama maelezo mengi ya wenye pikapu za umeme kule Marekani na Australia kabla ya kununua, na baada ya msimu mzima wa korosho naona kilio chao na chetu ni vitu viwili tofauti. Wao wanalia na upepo. Sisi huku tunalia na soketi.

Gari lenyewe ni pikapu ya Kichina, milango minne, usukani kulia, betri ya yuniti 88 (yuniti ni kilowati-saa, zile zile za mita ya nyumbani), mota moja inayosukuma magurudumu ya nyuma tu. Jina la kampuni naliacha, maana kuna mambo hatujamalizana na wakala aliyeniuzia. Bodi inabeba tani moja. Tela nalo mwisho wake ni tani moja, likiwa na breki zake, na humo uzito wa tela lenyewe umeshahesabiwa. Watu wengi wanaruka hapo wanaposoma makaratasi. Hilux mpya ya dizeli imeandikiwa kuvuta tani 3 na nusu. Ford F-150 Lightning ya Wamarekani imeandikiwa zaidi ya tani 4, lakini ile usukani uko kushoto na upana wake sijui ungepishana vipi na lori la korosho kwenye barabara zetu za vumbi. Kwa hiyo kama kazi yako ni kuvuta tela la saruji, acha kusoma hapa, hii si yako.

Kazi yangu ni ndogo kuliko hiyo. Shamba la mikorosho liko upande wa Mahuta, wilaya ya Tandahimba, juu ya uwanda wa Makonde, na kila anayelima kule anajua kwamba maji ndiyo habari. Kuanzia Mei mpaka Agosti, wakati wa kupulizia, napandisha maji na pembejeo. Mifuko ya salfa, dawa ya mikorosho, inakaa kwenye bodi, maji yanakuja nyuma kwenye tela, nayajaza njiani kabla barabara haijaanza kupanda. Simtanki la lita 500, si la 1,000. Lita 1,000 ni tani nzima kabla hujaweka tela chini yake. Lile la 500 pamoja na tela linanipa kilo 850 hivi, na ninabaki na nafasi ya kupumua. Ikifika Oktoba mambo yanageuka: maji machache yanapanda, magunia yanashuka kupeleka AMCOS, chama chetu cha ushirika.

Sasa matumizi. Bila tela, kwa mwendo wa 80 kwenye lami, napata kilomita 100 kwa yuniti 28. Na tela la maji, mwendo wa 50 hadi 60, ni yuniti 36. Ndiyo, ongezeko ni hilo tu. Nilivyokuwa nasikia kwamba tela linakata safari nusu, nilitegemea mabaya zaidi. Sababu ni kwamba tela langu la maji ni fupi, limejificha nyuma ya kibanda cha gari, na kutoka Mnivata kwenda mbele, kule ambako lami bado inajengwa kuelekea Tandahimba na Newala, hakuna anayekimbia 100 labda awe na haraka ya kubadilisha springi. Lami ile ya kwanza, kilomita 50 kutoka mjini mpaka Mnivata, ndiyo inayokushawishi. Usishawishike ukiwa na maji nyuma, maana maji hayatulii: ukifunga breki ghafla, yanaendelea na safari yake na kukusukuma.

Watu wanaogopa mlima. Mimi mlima siuogopi tena, nimeupigia hesabu. Gari, tela, salfa na watu, jumla tani 3 na nusu. Kuinua uzito huo mita 600 kunahitaji umeme usiofika yuniti 6. Betri ina 88. Tena wakati wa kurudi, mota inageuka jenereta kwenye mteremko na kurudisha sehemu yake. Kuna vipande vya njia ambako naona namba ya betri imeganda haishuki kabisa. Breki za gari nazo zinapumzika. Za tela hazipumziki, hazijui habari hizo, kwa hiyo zikagueni kama kawaida.

Anayekula umeme ni upepo, na huyu nilikutana naye barabara ya Lindi. Ndugu yangu mmoja alikuwa anahamisha magodoro ya nyumba yake ya wageni, akaniomba. Magodoro hata kilo 300 hayafiki, mzigo wa kuchezea. Tukayapanga juu, tukafunika turubai, tela likawa refu kwenda juu kuliko gari. Lami ya kwenda Lindi ni nzuri, nikaweka 90. Kufika Lindi, kilomita 105 hivi, zimeondoka yuniti 55. Yaani mwendo wa yuniti 52 kwa kilomita 100, karibu mara mbili ya gari tupu, kwa mzigo ambao vijana wawili wanaushusha huku wanacheka! Upepo una hesabu yake: ukipandisha mwendo kutoka 60 kwenda 90, umeongeza nusu, lakini nguvu ya upepo inayokuzuia imeongezeka zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana wale wa Marekani, wanaovuta matela ya nyumba za kulala, yenye kimo cha kupita mlango, kwa mwendo wa 110, wanapoteza nusu ya safari na wana haki ya kulalamika. Mimi nilichomeka gari kwenye soketi ya jikoni kwa mwenyeji wangu, tukala wali na pweza, tukapumzika, nikarudi jioni na tela tupu kwa mwendo wa 60. Nilifika nyumbani na akiba ya kutosha.

Kwa hiyo mkinikuta njiani natembea taratibu, piteni tu.

Tuje kwenye soketi. Kwenye barabara zote ninazopita, Mtwara, Lindi, Masasi, Newala, sijakutana na chaja ya kasi hata moja ya kuingia, kuchaji nusu saa na kuondoka. Chaja ni ile ya ukutani kwako. Yangu ni ya kilowati 7, ampea 32, fezi moja. Fundi alivuta waya wake peke yake kutoka kwenye mita, milimita 6 za mraba, haushirikiani na friji wala pampu. Usiku mmoja, kuanzia saa nne mpaka alfajiri, inaingiza yuniti 56 hivi, na hizo zinatosha kwa kazi ya kesho yake. Kabla ya saa nne sichaji, maana jioni umeme unakuwa mdogo, chaja inaona volti zimeshuka, inakataa.

Kuna jambo moja la udongo wetu ambalo wakala wa Dar hakuwa nalo kichwani. Chaja hizi haziwashi kama waya wa ardhini haujakaa sawa. Nyumba nyingi za Mtwara zimejengwa juu ya mchanga, na mchanga ukikauka haupitishi umeme vizuri. Chaja ikawa inawasha taa nyekundu, na kwa simu naambiwa ni mbovu, niirudishe. Fundi wangu wa hapa Chikongola alipima, akacheka, akazamisha fimbo ya shaba ya pili, ndefu, karibu na bomba la bafuni ambako ardhi haikauki. Taa ikawa ya kijani mpaka leo. Mkifunga chaja pwani hii, anzeni na hilo.

Gharama: LUKU yangu, mita ya kulipia kabla, ni ya bei ya kawaida, yuniti moja inaniangukia kama shilingi 356 pamoja na kodi. Kumbukeni pia kwamba si kila yuniti unayonunua inaingia kwenye betri, kama moja katika kumi inaishia kwenye joto la chaja. Kwa tela la maji, kilomita 100 zinanigharimu kama shilingi 14,000. Hilux yangu ya zamani, njia hiyo hiyo na tela hilo hilo, ilikuwa inakunywa lita 14, na dizeli ilikuwa inachezea shilingi 3,000 lita, inategemea EWURA, wadhibiti wa bei za mafuta, wametangaza nini Jumatano ya kwanza ya mwezi. Fanyeni kutoa wenyewe. Ila msisahau kwamba bei ya kuinunua ilikuwa karibu mara mbili ya Hilux iliyotumika, na hiyo tofauti hairudi kwa msimu mmoja.

Na kuna furaha nyingine isiyo na bei, mtu wa kusini atanielewa. Umeme wetu wa Mtwara na Lindi kwa miaka mingi umefuliwa hapa hapa kwa gesi ya Mnazi Bay, ile iliyogunduliwa mwaka 1982. Tuliambiwa gesi inaondoka na bomba kwenda Dar, na wote tunakumbuka ghasia za 2013 za kulipinga bomba hilo. Basi kidogo kilichobaki mimi naendea shamba.

Kule Mahuta nachaji kwa mjomba, na hapo pana siasa. Mjomba yuko kwenye ile bei ya watumiaji wadogo: yuniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kabla ya kodi, na ukizidisha, zinazofuata zinaruka hadi 350. Nikilala na gari limechomekwa kwenye soketi yake ya kawaida, asubuhi limekula yuniti 30. Lala siku chache za mavuno, umemaliza mgao wake wote wa bei nafuu na kumwachia yeye taa ya bei ghali. Alisema mara moja tu, kwa upole wake: "Mpwa wangu, mgeni huyu halali njaa." Sasa kabla sijaondoka mjini namnunulia tokeni kwa simu, nazidisha, na kama mwezi unaisha nachaji kidogo tu ya kunirudisha. Mkienda kuchaji kwa watu, ulizeni kwanza wako kwenye bei gani. Masasi, kwenye lodji, mwenye nyumba alinitajia elfu kumi kwa usiku, sikubishana.

Mchanga. Gari ni zito, tani 2 na zaidi likiwa tupu, na nyuma tu ndiko kunakosukuma. Njia ya Msimbati kiangazi niliingia na tela tupu, nikapunguza upepo wa tairi, nikapita. Uzuri wa mota ya umeme ni kwamba unaweza kuipa nguvu kidogo kidogo kama mtu anayemimina dawa kwenye kijiko, tairi haziruki wala kuchimba. Na tela lenye mzigo sijathubutu, na bila magurudumu ya mbele kusaidia sitathubutu.

Ubovu mmoja ulionikasirisha: betri ndogo, ile ya volti 12. Pikapu za umeme nazo zinayo, ndiyo inayoamsha kompyuta na kufunga swichi za betri kubwa. Yangu ilikufa shambani. Betri kubwa ina zaidi ya nusu, na gari limelala kama kabati, milango haifunguki kwa rimoti. Tulikopa betri ya kirikuu, kigari kidogo cha mizigo kilichokuwa kinapakia magunia, tukagusanisha waya dakika mbili, likaamka. Chanzo kilikuwa taa za tela nilizounganisha, zilikuwa zinanyonya usiku kucha hata gari likizimwa. Pini saba za tela zinataka kisanduku chake maalumu, na hicho wakala alinisubirisha mpaka nikakitafuta mwenyewe. Sasa nabeba betri ya akiba ya pikipiki chini ya kiti.

Soketi iliyo kwenye bodi nilidhani ni urembo. Inaendesha pampu ya kuhamishia maji kutoka tela kwenda tanki la shambani, na usiku wa kupima magunia inawasha taa, watu wanahesabu bila kugombana.

Ya dizeli sijaiuza. Safari ya Dar ni kilomita 560 na zaidi, na siku ya tela la tani mbili ni siku yake. Mmoja ameshanipigia mara mbili kuulizia bei, namwomba asinipigie tena.