Wifi alitaka makumbusho na igizo, nikampeleka Kolo

Wifi yangu alikuja toka Dar na SGR, hata begi hajatua chini anauliza "haya wifi, makumbusho yenu iko wapi, na jioni tunaenda ukumbi gani kuangalia igizo?" Nkacheka. Mi niko Dodoma mwaka wa saba huu na mgeni ukishamtembeza Nyerere Square, mkapiga picha msikiti wa Gaddafi, ukamnunulia zabibu za barabarani, hapo bado hata saa nane mchana haijagonga. Nkamwambia kesho saa kumi na moja alfajiri uwe umevaa raba.

Tukaenda Kolo kule Kondoa kuona michoro ya mapangoni. Ni kama kilomita 180 toka mjini, lami barabara ya Babati, unaipita Kondoa mjini ndo unafika. Tulipitiliza kidogo kwa sababu mi nilikuwa najitia naijua njia. Pale Kolo unaanzia ofisi ya mambo ya kale, unalipia, unapewa mtu wa kukutembeza (Mtanzania beba kitambulisho), sisi tulipewa mzee mmoja Mrangi, mtaratibu, anaongea kwa mafungu.

Shida ilikuwa gari. Nilimwambia dereva kabisa tunataka gari ya juu, akaja na kigari kimelala chini kama kinanusa lami, eti "dada hii inapita popote". Popote yenyewe iliishia kwenye mchanga wa korongo baada ya kuacha lami, bampa ya mbele ikabaki na sisi tukamalizia kwa miguu na jua lile la Kondoa, alafu ndo unaanza kupanda mlima. Maji tulibeba chupa mbili watu wanne, msifanye hivyo.

Sasa juu. Mwanzo sikuona kitu yaani, jiwe kubwa limeinama kama kibaraza, lina madoa ya rangi ya kutu. Nikasema moyoni nimechoma mafuta bure. Mzee akasema "mama sogea hapa, inamisha kichwa kidogo", akaelekeza fimbo bila kugusa jiwe, hee, kumbe twiga yule pale, shingo hiyo! Ukishamuona mmoja na wengine wanatokea, swala, tembo, alafu watu wembamba warefu kama vijiti vya mshikaki, vichwa vikubwa utasema wana afro. Kuna sehemu mmoja yuko katikati, wenzake wamemshika mikono huku na huku. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey, aliyekuja na mumewe kuinakili michoro hii mwaka 1951, aliona kama mtu anatekwa, wengine wanasema hapana, hiyo ni ngoma ya tambiko. Wifi akasimama pale nadhani nusu saa nzima anabishana na mzee, ule mkono unavuta au unategemeza? mbona huyu wa katikati hajageuza uso? "Wifi," ananiambia, "igizo si ndo hili!" Nikakaa kwenye kivuli nikawaacha.

Mzee alitueleza nyekundu ni za zamani zaidi, za wawindaji, ndo maana Wasandawe, kabila la huku la wawindaji, wanatajwa sana hapo, na nyeupe zimekuja baadae na wakulima wa Kibantu. Mapango yenye michoro ni zaidi ya 150 yametawanyika kwenye vilima vile, UNESCO waliyaingiza kwenye urithi wa dunia 2006. Na sio makumbusho iliyokufa, Warangi bado wanapanda kutambika, mvua ikigoma hasa, kwahiyo ukifika ongea kwa adabu. Kilichoniuma ni mashimo, watu walichimba wakitafuta mali eti Wajerumani waliificha. Yaani unaacha ukuta mzima wa urithi unachimba sakafu!

Kama unataka na jukwaa lenye watu wa kutikisika kweli, ulizia tamasha la muziki wa Kigogo Chamwino, iko njia ya Dar. Mi niliwahi kwenda. Hakuna viti vya velveti, unakaa na vumbi lako, alafu wanaingia kinamama wa muheme, ngoma wameibana katikati ya mapaja, wanapiga huku wanayumba, mikono huioni. Zeze nazo na malimba kubwa (zile za kupiga kwa vidole gumba) kama zile alizokuwa anapiga marehemu Hukwe Zawose, ye alikuwa Mgogo wa huku huku ingawa watu wanamjua kwa Bagamoyo.

Kolo naipa nne kwa tano, hiyo moja nimeikata kwa ajili ya magoti yangu. Na mama mtu mzima au mtoto wa kubebwa msimpandishe kile kilima. Kula shukeni Kondoa mjini, sisi tulipata wali kuku saa kumi jioni na hakuna aliyeongea mpaka sahani ikaisha.

Dereva bado ananipigia anadai hela ya bampa. Sitoi.