Uchambuzi: Kukodi chombo cha siku nzima Ghuba ya Menai ukiwa na wageni wasioizoea bahari

Ndugu watazamaji, assalaam aleikum na karibuni. Bidhaa tunayoichambua leo haiwekwi rafuni. Ni safari ya siku moja ya kukodi chombo kizima kutoka Fumba, kusini-magharibi ya Unguja, kuizunguka Ghuba ya Menai, kuogelea penye matumbawe, kupumzika kwenye fungu la mchanga na kula chakula cha mchana katika Kisiwa cha Kwale. Nitaitazama kwa upande mmoja tu, ule wa mwenyeji anayekodi chombo kwa ajili ya wageni ambao hawajawahi kupanda hata mtumbwi: wazazi waliotoka Dodoma au Iringa, watoto wadogo, jamaa waliokulia Ulaya, au wafanyakazi wenzake ambao nusu yao hawajui kuogelea.

Hukumu yangu naitoa mapema. Safari hii ni nzuri na inastahili kulipiwa, lakini kwa wageni wa namna hii ubora wake unategemea mambo mawili ambayo matangazo hayayataji, nayo ni siku iliyochaguliwa kwa kufuata maji, na nahodha. Kambakochi kwenye sahani na matakia ya rangi vije baada ya hayo.

Tuanze na maji, kwa sababu hapa ndipo wenyeji wengi hupoteza fedha zao bila kujua. Watu huchagua tarehe kwa kuangalia Jumamosi ipi wana nafasi, nami nawaomba mwangalie mwezi kwanza. Wakati wa bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa kwetu huzidi mita 3, na maji hupwa mnamo saa nne asubuhi, karibu na saa ambayo vyombo vingi vinapakia. Pwani ya Fumba haina kina, kwa hiyo chombo hulazimika kusubiri mbali, na wageni hutembea juu ya mchanga, tope na mawe yenye mwani, kisha huingia majini hadi magotini au zaidi ndipo wapande. Kijana ataliona hilo kuwa sehemu ya burudani, lakini mama mwenye maumivu ya magoti atakuwa amechoka kabla nanga haijang'olewa.

Wakati wa maji mafu, yaani siku zinazofuata mwezi nusu, mambo hugeuka. Tofauti ya kujaa na kupwa hupungua hadi karibu mita 1, maji hujaa mnamo saa nne asubuhi, chombo husogea karibu na ufuo, na mkondo wa maji penye matumbawe huwa mpole zaidi, jambo kubwa sana kwa mtu anayevaa miwani ya kuzamia kwa mara ya kwanza. Hasara ni kwamba fungu la mchanga huchelewa kuibuka, na likiibuka huwa dogo kuliko mlivyoliona kwenye picha. Kwa wageni wasioizoea bahari, mimi huchagua maji mafu bila kusita, kwa kuwa picha ya fungu kubwa hailingani na utulivu wa kupanda, kuogelea na kushuka bila hofu. Anayefuata kalenda ya Kiislamu ana kipimo mkononi: bamvua huangukia karibu na tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi, na maji mafu karibu na tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24.

Maji hayo ndiyo yanayopanga pia mfuatano wa vituo. Kidimbwi cha mikoko kilichopo Kwale hupendeza kuogelea maji yakiwa yamejaa, ilhali fungu hutaka maji yaliyopwa, na kwa sababu saa za maji husogea mbele kila siku kwa karibu dakika 50, haiwezekani ratiba moja ikafaa mwezi mzima. Mwulize anayekukodisha ataanzia wapi siku hiyo na kwa nini. Akikusomea orodha ileile iliyochapishwa kwenye kipeperushi bila kutaja maji, tafuta mwingine.

Kuhusu upepo sitasema mengi. Ghuba imefunguka upande wa kusini, hivyo kaskazi, upepo utokao kaskazini, wa Desemba hadi Machi hukingwa na kisiwa chenyewe, lakini kusi, upepo utokao kusini, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, huingia moja kwa moja. Wakati wa kwenda Kwale unakuwa usoni, na ndiyo maana vyombo vingi huenda kwa injini na kurudi kwa tanga. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kuhusu upepo mkali na mawimbi zisomwe jioni iliyotangulia na asubuhi yenyewe. Tukumbuke kwamba MV Skagit ilizama karibu na Chumbe, kisiwa kilicho jirani na ghuba hii, tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, nayo ilikuwa meli ya abiria na si mashua ya matembezi.

Sasa chombo. Boti ya faiba yenye injini mbili hufika haraka, lakini hupiga mawimbi kwa nguvu, na mzee au mama mjamzito akikalishwa upande wa omo, yaani mbele ya chombo, ataumia mgongo. Ngalawa ni chombo kizuri kwa anayependa tanga, ila ni nyembamba na hulowesha kila aliyemo, kwa hiyo siipendekezi kwa kundi hili. Ninayoipa alama za juu ni mashua pana ya mbao yenye injini, chandalua cha kivuli na nafasi ya kukaa katikati, mahali ambapo chombo huyumba kidogo zaidi. Kisha kuna kifaa ambacho wengi hawakiulizii, nacho ni ngazi ya kupandia kutoka majini. Mtu asiyejua kuogelea hushuka kwa urahisi, lakini akitaka kurudi na hakuna ngazi, huning'inia ubavuni mpaka mikono imwishie nguvu, na hapo ndipo hofu inapomwingia. Mimi nisingekodi chombo kisicho na ngazi, hata kikitolewa kwa nusu ya bei.

Jaketi za kujiokolea zihesabiwe siku moja kabla ya safari na mtu mwenyewe anayelipa, azifungue na kuzifunga, ahakikishe kwamba zipo za watoto kwa ukubwa wao, kwa maana jaketi ya mtu mzima humtoka mtoto kichwani mara anapoingia majini. Zivaliwe tangu kupanda hadi kushuka. Uliza pia kama chombo kina redio ya baharini inayosikiliza chaneli 16 (ile ya wito wa dharura), mafuta ya akiba na sanduku la huduma ya kwanza.

Nahodha ndiye roho ya safari hii, na inafaa uzungumze naye mwenyewe, si na kijana wa mauzo peke yake. Mwulize ni baharia gani atakayeingia majini pamoja na wasiojua kuogelea, na ni nani atakayebaki chomboni wakati wote, kwa sababu chombo kisiachwe bila mtu hata kama kimetiwa nanga. Mwulize atafanya nini upepo ukizidi kabla ya adhuhuri. Jibu ninalolipenda ni la nahodha anayesema bila aibu kwamba atageuza arudi. Anayejibu kwamba kwake hakuna neno, bahari anaijua tangu utotoni, simtilii shaka ujuzi wake, lakini wageni wangu sitamkabidhi.

Msikubali kuongezewa vituo. Ratiba ya kawaida huwa na vituo vinne au vitano, nami naona viwili vinatosha kwa wanaoanza. Kuruka majini kuwafuata pomboo nakushauri ukuache kabisa kwa kundi hili, maana ni maji ya kina, chombo kiko mwendoni, na pomboo wenyewe hutaabika kwa kufukuzwa, ilhali ghuba hii ni eneo la hifadhi tangu mwaka 1997.

Wageni waelezwe yote wangali nchi kavu, kwa lugha wanayoielewa: wasisimame wote upande mmoja kupiga picha, na wainamishe vichwa tanga linapogeuzwa. Asubuhi wale chakula chepesi kisicho na mafuta mengi, na anayejijua kuwa hupatwa na kichefuchefu amwone mfamasia mapema, kwani dawa zake hutakiwa kumezwa kabla ya kuondoka, na nyingi huleta usingizi. Kwa wanaovaa baibui, nashauri vazi la kuogelea la stara, kwa sababu kitambaa kirefu kikilowa huwa kizito na hufunga miguu.

Mwisho ni malipo. Kodi chombo kizima, usinunue viti, ili mwendo wa siku uwe wa wageni wako. Kabla ya kutoa arubuni, taka iandikwe ndani ya makubaliano kwamba fedha zitarudishwa au tarehe itahamishwa bila gharama endapo tahadhari ya hali ya hewa itatolewa, au nahodha mwenyewe akiona hakufai kutoka, na kwamba ada ya kuingia hifadhini imo ndani ya bei. Asiyekubali kuandika sharti la kwanza anakuambia mapema kwamba siku ya upepo atataka mwende hivyo hivyo.