Candy Crush Saga bila kutoa hata senti: uchambuzi wangu

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni sana. Leo tunaichambua Candy Crush Saga, ile gemu ya pipi ambayo umeiona kwenye simu ya mama, ya dada, au ya abiria mliyekaa naye kiti kimoja kwenye daladala. Wengi mmeniuliza jambo moja: je, mtu anaweza kuicheza hii gemu muda mrefu, leveli baada ya leveli, bila kununua chochote? Jibu langu ni ndiyo, tena bila wasiwasi. Ila kuna sehemu moja ndani yake ambapo wachezaji wengi wanateleza, na sehemu hiyo ndiyo nitakayokaa nayo zaidi leo.

Twende moja kwa moja kwenye kioo. Hii ni leveli ya jeli, yaani unapanga pipi tatu za rangi moja ili zipasuke na kuitoa jeli iliyo chini yake, kabla hatua ulizopewa hazijaisha. Nimebakiza hatua moja, na jeli mbili bado hazijatoka: moja iko kona ya chini kushoto, nyingine iko nafasi moja juu yake. Nasogeza hii ya kijani... moja imetoka, ya kona imebaki. Sasa angalieni kwa makini gemu inafanya nini. Haikwambii umeshindwa. Inakufungulia kisanduku, inakwambia imebaki jeli moja tu, na inakupa hatua 5 za ziada kwa malipo ya dhahabu, yaani sarafu ya ndani ya gemu inayonunuliwa kwa pesa halisi. Kitufe cha kulipa ni kikubwa, kina rangi ya kuvutia, kipo katikati pale kidole gumba kinapofika chenyewe. Na njia ya kukataa? Ni kale ka-X kadogo huko juu kwenye kona.

Hapa ndipo pesa inapotoka. Siyo dukani, siyo kwenye matangazo. Ni hapa, sekunde hii, wakati moyo unakudunda na unaona umebakiza kitu kidogo sana. Waliotengeneza gemu wanaijua vizuri hiyo sekunde.

Sasa tupige hesabu kwa utulivu. Hatua 5 zinakupa nini? Jeli iliyobaki iko kona. Kona ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kwenye bodi, kwa sababu pipi ya pale ina jirani wawili tu wa kubadilishana naye, juu na kando, wakati pipi ya katikati ina wanne. Pipi zinazoshuka kutoka juu ni za bahati, hakuna anayekuhakikishia rangi unayoitaka itafika kona ile ndani ya hatua 5. Zikiisha na hujamaliza, kisanduku kinarudi tena, na safari hii bei imepanda. Kwa hiyo unaponunua hatua 5 hujanunua ushindi, umenunua nafasi nyingine ya kubahatisha.

Upande wa pili, ukibonyeza X unapoteza roho moja, hivi vimoyo vyekundu hapa juu. Roho moja inajirudisha yenyewe kila baada ya dakika 30. Na ukianza upya, leveli hii inakupa hatua zake zote 22 kutoka mwanzo, na bodi mpya. Nusu saa ya kusubiri inakupa hatua 22. Pesa yako inakupa 5. Kila kisanduku kile kinapofunguka, kumbuka hesabu hiyo.

Na wala si mimi tu ninayesema inawezekana. Mwaka 2013 King wenyewe, kampuni iliyotengeneza gemu hii, walisema kwamba asilimia 70 ya wachezaji waliokuwa wamefika leveli ya mwisho hawakuwa wamelipa chochote. Mwaka uliofuata, walipouza hisa zao kwenye soko la hisa la New York, hesabu zao zilionyesha kwamba takriban watu 4 katika kila wachezaji 100 ndio waliokuwa wakilipa kwa mwezi. Wanne! Hao wachache ndio wanaoibeba gemu nzima, sisi wengine tunacheza bure. Na imebebeka kweli kweli: kampuni hii iliyoanzia Stockholm, Uswidi, mwaka 2003, ilinunuliwa na Activision Blizzard kwa dola bilioni 5.9, na tangu 2023 yote hiyo ni mali ya Microsoft. Kwa hiyo usijisikie vibaya hata kidogo kwamba unacheza bila kulipa. Gemu imepangwa hivyo tangu ilipozinduliwa kwenye Facebook mwaka 2012.

Haya, kukataa kulipa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kucheza vizuri ili kisanduku kile kisifunguke mara kwa mara. Rudini kwenye kioo.

Naanza upya leveli ile ile. Kabla sijagusa kitu, naiangalia bodi. Ukiona bodi imekaa vibaya, hakuna nafasi ya kutengeneza pipi yoyote ya nguvu, toka. Kama hujasogeza hata pipi moja, hupotezi roho. Ingia tena, pipi zitakuwa zimepangwa upya. Watu wengi hawalijui hili, wanaanza tu na bodi yoyote waliyopewa, halafu wanalalamika leveli ni ngumu.

Hii sasa nimeipenda. Kuna pipi nne za bluu ninazoweza kuzipanga mstari mmoja. Nne zikikutana unapata pipi ya mistari. Na hapa kuna siri ndogo ambayo itakusaidia sana: mistari inafuata mwelekeo wa kidole chako. Ukiisogeza pipi kwenda kando, mistari inalala, na itakapopasuka itafagia safu nzima kutoka kushoto hadi kulia. Ukiisogeza juu au chini, mistari inasimama, inafagia kutoka juu hadi chini. Mimi jeli yangu ngumu iko kona ya chini kushoto, kwa hiyo nataka mistari iliyolala, kwenye safu ya mwisho kabisa. Angalieni nasogeza kando... imelala. Ikishuka hadi chini, itaichukua kona ile bila mimi kuhangaika nayo.

Tano zikikutana kwa umbo la L au T unapata ile iliyofungwa kwenye karatasi, inalipuka mara mbili na kuchukua zote zinazoizunguka. Tano kwenye mstari mmoja ulionyooka unapata bomu la rangi, lile duara la chokoleti lenye vidoti. Nne za mraba, mbili juu mbili chini, zinakupa samaki, naye anaogelea mwenyewe kwenda kula jeli mojawapo. Kwa leveli za jeli samaki ni msaada mkubwa wa bure, msimdharau.

Lakini usizipasue moja moja. Hapa ndipo ninapowaona wengi wanapoteza hatua. Ya mistari ukiikutanisha na ya karatasi, inafagia safu tatu za kulala na tatu za kusimama kwa mpigo. Bomu la rangi ukilikutanisha na ya mistari, pipi zote za rangi ile zinageuka kuwa za mistari na zinapasuka pamoja. Mara nyingi hiyo peke yake inamaliza leveli. Mabomu mawili yakikutana yanapiga bodi yote. Kwa hiyo ukishapata moja ya nguvu, itunze, itafutie mwenzake. Inataka subira kidogo, na naona ndiyo inayomtofautisha anayepita na anayekwama.

Mnaona hii pipi inavyotikisika? Sijaigusa. Ukikaa sekunde kadhaa bila kucheza, gemu inakuonyesha hatua mojawapo inayowezekana. Msiifuate kama amri. Inakuonyesha tu kwamba hatua ipo, haikuonyeshi iliyo bora. Hapa inanionyesha tatu za njano kule juu, wakati jeli zangu zote ziko chini. Nikiifuata nimetupa hatua moja bure. Na hakuna saa inayokukimbiza, leveli za kucheza kwa muda walishaziondoa, kwa hiyo kaa, tazama, fikiri.

Jambo jingine kubwa: ukiwa huna cha maana cha kufanya, chezea chini. Ukipasua chini, pipi zote za juu zinashuka, zinakutana zenyewe njiani, na mara nyingi unapata mapasuko matatu manne kwa hatua moja tu. Ukichezea juu, chini hakubadiliki kitu. Ila chokoleti ikiwepo, namaanisha vile vipande vya kahawia vinavyosambaa kwenye bodi, siyo bomu la rangi, iwahi hiyo kwanza. Kila hatua unayopita bila kuvunja hata kipande kimoja cha chokoleti, inameza pipi ya jirani. Ukiiacha hatua tano sita, pipi tano sita zimeshamezwa.

Nne zimebaki, jeli moja... imetoka! Hatua tatu mkononi. Nimeipita leveli ile ile iliyokuwa inaniomba dhahabu dakika chache zilizopita.

Sasa kuna mitego miwili mingine niitaje haraka. Wa kwanza ni kibubu. Kila unapopita leveli, gemu inadondosha vipande vya dhahabu kwenye kibubu cha nguruwe, unakiona kinajaa, unaona ni akiba yako. Kumbe kukivunja ni kwa pesa halisi. Kibubu cha kweli unaweka chako na unatoa chako. Hiki sikipendi hata kidogo, na nawashauri mkiache kijae kikae hivyo hivyo. Wa pili ni zawadi za kushinda mfululizo. Ukishinda bila kupoteza unapewa silaha za bure, yaani pipi za nguvu za kukusaidia, mwanzoni mwa leveli, raha sana, lakini siku unashindwa kile kisanduku kinakukumbusha kwamba utapoteza mfululizo wako. Wacha upotee. Utajengeka tena. Zile silaha ulipewa bure, kuzilinda kwa pesa ni kuzinunua.

Kuhusu roho: zinajaa 5 tu, na kutoka sifuri hadi 5 ni saa mbili na nusu. Marafiki wanaweza kukutumia, kwa hiyo ukiwa na ndugu wawili watatu wanaocheza, tumianeni. Mtasikia pia ule ujanja wa kusogeza saa ya simu mbele ili roho zijae. Mimi siupendekezi. WhatsApp ikiona tarehe si sahihi inagoma mpaka uirekebishe, na kama simu hiyo ndiyo unayofanyia biashara, unajitafutia usumbufu kwa sababu ya pipi. Roho zikiisha, weka simu chini, fanya mambo mengine.

Na bando je? Leveli zinachezeka hata data ikiwa imezimwa. Kinachokula bando ni video za matangazo, zile unazoangalia ili upewe zawadi. Kama bando lako ni la kuhesabu, zima data, cheza. Kama uko kwenye Wi-Fi, angalia video, chukua zawadi, na uzungushe lile gurudumu la kila siku. Ukiwa huko huko kwenye Wi-Fi, hakikisha umejiunga na akaunti, maana simu ikipotea au gemu ikifutwa kabla hujahifadhi, leveli zako zimekwenda.

Wazazi, hii ni yenu. Kama mtoto anachezea simu yako, fungua Play Store, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya uthibitisho, uweke kwamba kila ununuzi uombe nywila au alama ya kidole. Kwa watazamaji wangu wa Kenya ni muhimu zaidi, kwa sababu kule Google Play inaungana na M-Pesa, na kulipa ni rahisi mno. Kwenye iPhone, ingia Screen Time, kwenye vizuizi, uzime kabisa ununuzi wa ndani ya programu. Ni kazi ya dakika moja. Hata mtu mzima ninamshauri aifanye: kile kitufe kikubwa kikikuomba nywila, utapata muda wa kupumua na kufikiri.

Hukumu yangu. Kama gemu ya bure, naipa alama za juu. Mafumbo yake yametengenezwa kwa ustadi, leveli zimepita elfu kumi na mpya zinaongezwa kila wiki, inachezeka bila intaneti, na hakuna mahali inapokufungia mlango kwa kuwa hujalipa. Ninachoipunguzia alama ni wingi wa visanduku vya kuuza. Ukiifungua asubuhi unaweza kubonyeza X mara kadhaa kabla hujaona hata pipi moja. Na zile leveli zilizoandikwa kuwa ni ngumu sana zitakukalisha, wakati mwingine siku kadhaa kwenye leveli moja. Kama wewe ni mtu usiyeweza kusubiri, nasema kwa nia njema, hii si gemu yako, tafuta fumbo lisilo na roho wala dhahabu.

Mliokwama, niandikieni hapo chini namba ya leveli, lengo lake ni jeli, oda (kukusanya vitu ulivyoagizwa) au kushusha matunda, na kwa kawaida mnabakiza nini hatua zinapoisha. Video ijayo nazicheza hizo, moja baada ya nyingine, bila kununua kitu.