Padi ya Switch Inatembea Yenyewe? Usiitupe Kwanza

Wadau, hebu tazameni hapa kwenye kioo. Mikono yangu yote miwili iko mezani, sijagusa kitu, na jamaa anatembea. Kushoto, kushoto, mdogomdogo, mpaka huyo, katumbukia shimoni. Hii ni Joy-Con ya kushoto, yaani padi ndogo inayochomekwa ubavuni mwa Nintendo Switch yangu, mashine ya kuchezea gemu, na kama unayo Switch iliyokaa mwaka na zaidi, najua umeshalia kilio hiki.

Na kabla hamjanirukia kwenye maoni: mimi nasema padi. Siku moja niliingia dukani nikaomba pedi mbili, dada akanielekeza duka la dawa la jirani. Tangu siku hiyo, padi.

Sasa tatizo liko wapi? Mnaikumbuka redio ya zamani, ile ukizungusha kitufe cha sauti inakwaruza? Ni ugonjwa uleule. Ndani ya stiki, kile kijiti unachosukuma kwa dole gumba, kuna vipande vyenye utando wa kaboni, na juu yake vinasugua vidole vidogo vya chuma. Kidole kilipo ndipo mashine inajua umesukuma wapi. Sugua, sugua, kaboni inalika, unga wake unabaki humohumo, mashine inasoma uongo. Kwa hiyo ukiambiwa "ni vumbi tu", ni nusu ya ukweli. Vumbi la nje lipo, ila lingine stiki inalitengeneza yenyewe.

Ndiyo maana dawa ya kupuliza haidumu. Unainua kile kisketi cha mpira chini ya stiki, unapuliza dawa ya kusafishia umeme, unazungusha, inapona. Baada ya wiki chache imerudi. Mwaka 2021 ikavuma mbinu ya kuweka kikaratasi kigumu ndani ya padi, kiikandamize stiki ili vidole vishike vizuri. Inasaidia kweli, nimeijaribu, lakini kaboni iliyokwisha kulika hairudi kwa karatasi.

Dawa ninayoiamini ni kubadilisha stiki yenyewe. Stiki, siyo padi nzima! Na ukibadilisha, tafuta zinazotumia sumaku, zile za Hall. Humo hakuna kinachosugua kaboni: sumaku inasogea, kihisi kinasoma ugasumaku. GuliKit wanazo zilizotengenezwa kwa ajili ya Joy-Con. Za kawaida ni rahisi zaidi na zinafanya kazi, ila ni kaboni ileile, utarudi tena kwa fundi.

Haya, tufungue. Nyuma kuna skrubu 4 zenye kichwa cha herufi Y. Sikilizeni hapa, maana hapa ndipo watu wanaharibu. Mafundi simu wengi wana bisibisi ya Y, lakini ile ya iPhone ni Y000. Hii inataka Y00, kubwa kidogo. Ukilazimisha ile ndogo, au bisibisi bapa, kichwa kinakuwa duara na hapo umepata kazi ya siku mbili. Fundi mmoja alinifanyia hivyo, nikakaa namwangalia tu kwa heshima.

Ukishatoa skrubu, fungua kama kitabu, taratibu, kwa sababu nyaya za utepe zinaunganisha pande zote mbili. Chomoa betri kwanza. Imeshikwa na gundi, iinue kwa kipande cha plastiki, usiichokonoe kwa chuma. Chini ya fremu ya betri, iliyoshikwa na skrubu 3 za kawaida, ndipo utaiona stiki: skrubu 2 na utepe mmoja. Utepe una kifuniko kidogo kinachoinuka. Inua kifuniko, ndipo uvute utepe. Padi yangu ya kwanza niliuvuta bila kuinua, kikang'oka, padi ikafia mezani. Zingine zilizobaki ni kurudisha ulivyofungua.

Mwenye Switch Lite, pole. Padi zako hazichomoki, zimeungana na mashine, kwa hiyo unafungua mashine nzima. Hiyo mpelekee fundi unayemwamini.

Kuna njia nyingine kwa wenye ndugu Ulaya. Tangu 2023, baada ya vyama vya watumiaji kulalamika kwa Tume ya Ulaya, Nintendo wanatengeneza stiki za Joy-Con bure huko, Uingereza na Uswisi zikiwemo, hata kama udhamini umekwisha. Kama yako ilinunuliwa huko, mpe shangazi anayerudi likizo. Ni vipande viwili vyenye uzito wa gramu mia hivi, havimwongezei mzigo.

Na kama unanunua mpya? Inategemea unachezea wapi. Unacheza kwenye televisheni? Chukua Pro Controller, padi moja kubwa ya Nintendo wenyewe, betri yake inafika saa 40 hivi, Joy-Con ni 20. Unacheza umeshika mkononi tu, una viganja vikubwa kama vyangu? Split Pad Pro ya Hori inashikika vizuri mno. Lakini haina betri, haina mtikisiko, ukiichomoa pembeni ni plastiki tu. Usije ukasema sikukwambia. Zile za bei ya kutupa zenye rangi nzuri, mimi nawanunulia wapwa zangu.

Ya mtumba usilipie kabla hujaijaribu. Ingia Mipangilio, vidhibiti na vihisi, rekebisha stiki. Isukume kila upande, iachie, alama lazima irudi katikati na itulie. Muuzaji akisema chaji imeisha, subirini pamoja ijae.

Mnaouliza Switch 2 ya 2025: Joy-Con 2 zinashika kwenye mashine kwa sumaku, lakini stiki siyo za Hall, Nintendo walishasema kabla haijatoka. Hesabuni wenyewe.

Yangu hii hapa, nimeshaweka stiki mpya na nimeirekebisha kwenye mipangilio. Mikono mezani. Jamaa kasimama palepale ukingoni mwa shimo, hata nywele hazitikisiki. Ya kulia bado ni ya zamani, na jana usiku imeanza kunikonyeza.