Mullvad au Proton VPN: nani wa kumwamini?

VPN, yaani huduma inayopitisha mawasiliano yako ya intaneti kwenye seva za kampuni nyingine, haikufichi kwa kila mtu. Inahamisha tu imani yako kutoka kampuni ya simu kwenda kwa mwenye VPN. Kwa hiyo mimi huanza na swali moja: huyu ananijua kiasi gani?

Mullvad ya Sweden haiulizi jina wala barua pepe. Unapewa namba ya tarakimu 16, unalipa yuro 5 kwa mwezi, hata kwa noti ndani ya bahasha ukitaka. Aprili 2023 polisi walifika ofisini kwao Gothenburg na hati ya upekuzi, wakaondoka mikono mitupu, maana kumbukumbu za wateja hazikuwepo.

Proton VPN ya Uswisi kwa kawaida inataka ufungue akaunti, ila ina huduma ya bure isiyo na kikomo cha data, kwa kifaa kimoja, na huchagui nchi ya seva unayopitia. Programu za bure nyingi nisingezigusa. Hii naiamini, kwani wanaolipia ndio wanaobeba gharama.

Mfuko ukiruhusu, Mullvad. Ukiwa mkavu, Proton. Aliyeko Tanzania akumbuke pia kwamba Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, ilitaka watumiaji wa VPN wajisajili.