Chuo cha Kokbay: Makumbusho ya Mshairi Katika Nyika ya Kazakhstan

Msafiri afikaye Semey, mashariki mwa Kazakhstan, huelekezwa kwanza kwa Abai Kunanbayuly, na ni haki, kwani hakuna mshairi wa Kikazakh aheshimiwaye kumshinda. Ushauri wangu ni kwamba asiishie hapo. Katika Mkoa wa Abai, ulioundwa mwaka 2022, kipo kijiji kinachoitwa kwa jina la Kokbay Zhanatayuly, mwanafunzi na rafiki wa Abai, na huko msikiti uliokuwa pia chuo chake umehifadhiwa kuwa makumbusho. Katika makumbusho mengi ya waandishi nimeonyeshwa kalamu, kitanda na koti la marehemu. Hapa nilikaa mahali ambapo mshairi aliwakalisha watoto wa wafugaji akawafundisha kusoma na kuandika, na kwangu hilo lina uzito kuliko koti lolote.

Kilichonishika zaidi ni ukurasa mmoja wa maandishi ndani ya kabati la kioo. Wakazakh waliandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu hadi mwaka 1929, wakahamishiwa herufi za Kilatini, kisha mwaka 1940 wakapewa za Kirusi, hata mjukuu akashindwa kusoma alichoandika babu yake. Mimi, niliyeanzia herufi katika juzuu ya Amma, niliweza kuzitamka bila kuelewa maana. Niliiona be iliyotiwa nukta tatu chini ili itoe sauti ya p, kama walivyofanya wazee wetu walioandika tenzi, na kafu yenye nukta tatu juu, ambayo husomwa ng', ile ile ya ng'ombe. Nilisimama mbele ya kafu hiyo kwa muda mrefu.

Wengi humtaja Kokbay kwa sababu ya Abai tu. Kwa miaka kadhaa baadhi ya mashairi ya Abai yalizunguka yakibeba jina la Kokbay, kwa kuwa mtu wa ukoo wa watawala hakutazamiwa kujulikana kwa utunzi. Na Mukhtar Auezov, mwandishi wa riwaya wa Kikazakh, alipoandika maisha ya Abai, alitegemea sana kumbukumbu za Kokbay. Hata hivyo, Kokbay ana kazi zake mwenyewe, ukiwamo utenzi wa Sabalaq, jina alilojulikana nalo Ablai Khan, mtawala wa Wakazakh wa karne ya 18, katika ujana wake. Uzuri wa makumbusho haya ni kwamba yanampa mwanafunzi nyumba yake, mbali na ya mwalimu wake. Tena, ukikumbuka kwamba katika miaka ya Kisovieti misikiti mingi ilifungwa na mingine ikageuzwa maghala, kuukuta huu umesimama ni jambo la kushukuru.

Safari yenyewe inahitaji maandalizi. Dereva wa kwanza niliyepatana naye aligeuza gari katikati ya njia akidai nauli zaidi, kwa hiyo patana mapema bei ya kwenda na kurudi, tena kwa tenge, sarafu ya Kazakhstan. Nenda kati ya Mei na Septemba, kwani baridi ya nyika ile hushuka chini ya nyuzi 30 za hasi na theluji hufunga barabara. Asiyejua Kikazakh wala Kirusi afuatane na mkalimani. Bila yeye ataona vitu asijue ni vya nini. Ni vyema pia kuanzia makumbusho ya Abai mjini Semey, yaliyoanzishwa mwaka 1940, ili ukifika kijijini uwe tayari unajua nani alikuwa nani.

Na ukiwa na mkalimani huyo, mwombe akusomee beti chache za Sabalaq kwa sauti, kwa Kikazakh kwanza, mkiwa mmeketi humo humo chuoni, kabla hujatazama kitu kingine chochote.