Ampli yangu ya besi iliyonyamaza katikati ya sebene

Ilinyamaza wakati bibi harusi anaingia uwanjani na shangazi zake, mpiga gitaa la solo ameshafungua sebene, ile sehemu ya wimbo ya kucheza, nami nimeukandamiza uzi wa mi, ule mnene kuliko zote. Haikukwaruza wala haikutoa moshi. Sauti ilikatika kama maji ya bomba yanavyokatika, taa yake ndogo ikabaki inawaka, na muziki wote ukabaki unaelea, magitaa mawili na ngoma bila kitu cha kuvishikilia chini. Nimepiga besi katika jiji hili la Lubumbashi tangu nikiwa kijana wa kwaya, na sijawahi kupata aibu kama ile. Naandika haya kwa sababu najua wapo wenzangu, hapa na hata Likasi na Kolwezi, ambao wakati huu wanaweka fedha kidogo kidogo ili wanunue ampli kama yangu, na sitaki yawapate yaliyonipata.

Nilichokuwa natafuta si kitu cha ajabu. Nilitaka ampli ya sanduku moja, ile wanayoiita kombo, ambayo nitaipakia kwenye teksi bila kulipia viti viwili, niipeleke kwenye harusi ya watu mia moja au mia na hamsini, kisha nirudi nayo Katuba, ninakoishi katika lupango moja na familia nyingine tatu, nifanye mazoezi usiku bila kumwamsha mtoto wa mtu. Kwa hiyo nilihitaji tundu la visikilizi vya masikioni kwa ajili ya nyumbani, na tundu la kutolea sauti kwenda kwenye mashine ya kuchanganyia sauti kwa ajili ya kanisani. Hayo mawili kwangu yalikuwa sharti, na bado nasema ni sharti kwa yeyote anayepiga mahali padogo na nyumbani kwa chombo hicho hicho.

Kuhusu nguvu, wauzaji wengi hukutajia wati tu, wakati wati peke yake haikuelezi sana. Ukiziongeza mara mbili unapata desibeli 3 tu zaidi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo sikio linaitambua lakini haibadilishi harusi. Kinachobadilisha ni spika na sanduku linaloizunguka. Uzi wa mi wa besi hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na spika ya inchi 8 haiwezi kuutoa mtetemo huo kwa nguvu. Unachosikia zaidi ni mtetemo wa juu yake, ule wa 82, na sikio lenyewe linajazia palipopungua. Chumbani hilo linatosha kabisa. Uwanjani, kando ya mpiga ngoma mwenye mguu mzito, halitoshi, na ndiyo maana niliamua kwamba sitanunua chini ya inchi 12. Niliamua pia kwamba sitaazima tena ampli ya gitaa. Ni kweli kwamba Fender alitoa Bassman mwaka 1952 kwa ajili ya wapiga besi na wapiga gitaa wakaipenda wakaichukua, lakini njia hiyo haina marudio: besi ikipita kwenye spika nyepesi ya gitaa kwa sauti ya juu, karatasi ya spika inachanika, na mimi nimeiona ikichanika kanisani kwetu siku ya ubatizo.

Duka liko katikati ya mji, na sitalitaja. Ampli ilikuwa juu ya rafu, bila boksi. Nilipouliza boksi liko wapi, kijana aliyekuwa akiuza alisema kwamba maboksi hutupwa kwa sababu ghala ni dogo. Nilipaswa kusita hapo hapo. Lakini nilikuwa na dola 340 mfukoni, fedha za miezi mingi, na aliponichomekea besi ya dukani na kuniachia dakika tatu za kupiga kwa sauti ya chini, nilisikia mlio mzuri, wa mviringo, usio na kelele nyuma yake, nikalipa. Risiti yao ilikuwa na muhuri mwekundu usiosomeka vizuri. Nikaikunja nikaiweka ndani ya Biblia, mahali ninapoweka karatasi zangu zote za maana.

Wiki za kwanza nilikuwa mtu wa furaha, na ni haki niseme hivyo. Usiku, watoto wakishalala, nilivaa visikilizi na kurudia mistari yangu polepole, na kwa mara ya kwanza nilisikia makosa ya kidole changu cha tatu, ambacho kwa miaka yote kilikuwa kinachelewa kuachia uzi. Kanisani fundi wa sauti alichomeka waya mmoja tu na besi ikajaa ukumbi. Nilimwambia mama watoto kwamba kitu hiki kitazeeka pamoja nami.

Kisha ikaja harusi ile, mwaka jana, mvua zilipokuwa zinaanza. Tulikuwa tumepiga kwa muda wa dakika 40 hivi ilipokatika mara ya kwanza. Niliigusa mgongoni, ilikuwa na moto wa pasi. Tuliiacha ipoe, wageni wakala, ikarudi kama kwamba hakuna kilichotokea, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha wazee wa upande wa bibi harusi, watu wa Luapula, mpakani na Zambia, wakaomba kalindula, muziki wa kwao, na kila anayeujua muziki huo anajua kwamba humo besi ndiyo inayoongoza, wengine wote wanaifuata. Haukupita wimbo wa pili, ikanyamaza tena. Mzee mmoja alikuja hadi mbele yetu, akainama kunisikiliza vidole vyangu, akauliza kwa upole kabisa: «Besi imekwenda wapi, mwanangu?» Upole ule uliniumiza kuliko kama angenitukana. Tulikatwa theluthi ya malipo, na sikuwa na neno la kusema.

Jumatatu nilibeba ampli hadi dukani. Nataka nieleze vizuri kilichotokea, maana ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Nilimsalimu yule kijana, nikamweleza kwa utaratibu, nikamwomba jambo moja tu: aichomeke, niipige kwa nusu saa mbele yake, aone mwenyewe. Hakuinua macho kutoka kwenye simu. Alinyosha mguu, mguu wenye kandambili, akaisukuma ampli yangu kuelekea mlangoni, kiasi cha hatua moja, sanduku likakwaruza sakafu, akasema: «Papa, kintu kikisha kutoka mu magazini, ni mambo yako. Beye banamuziki ba bar munaharibishaka bintu, kisha munakuya kulia.» Aliniita Papa, ndiyo, lakini neno lilikuwa mdomoni tu. Nina umri wa kumzaa. Kwetu kijana akisemeshwa na mtu wa umri wangu husimama, hata kama hana la kumsaidia. Wateja wawili walikuwepo, mmoja akatazama pembeni. Niliinua chombo changu nikatoka, na mikono ilitetemeka hadi nilipofika kituo cha teksi.

Siku zile niliwaambia wapiga besi wote ninaowafahamu kwamba ampli ya chapa hiyo ni takataka iliyopakwa rangi nyeusi, kwamba kiwanda chake kinatuletea sisi Waafrika mabaki, na kwamba heri mtu aazime bafle kuukuu ya kanisa, yaani sanduku la spika, kuliko kuinunua. Niliyasema kwa moyo wangu wote. Sasa inanibidi niyafute, na si jepesi, kwa sababu hasira yangu haijapungua, imehamia tu mahali pake panapostahili.

Aliyeihamisha ni fundi mmoja mzee wa komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, aliyeanza kutengeneza redio za lampu kabla sijazaliwa. Aliilaza ampli juu ya gunia, akaufungua wavu wa mbele, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akanionyesha kwa ncha ya bisibisi. Spika ilikuwa imeshikwa na skrubu nane: tano nyeusi zenye kichwa cha nyota, tatu za rangi ya fedha zenye mfereji mmoja. Kando ya zile tatu kulikuwa na matundu ya zamani yaliyozibwa kwa gundi na vumbi la mbao. Nyuma ya spika, karatasi ya kiwanda ilikuwa imekwanguliwa kwa kisu, na sumaku ilikuwa ndogo kama kifuniko cha chungu cha mtoto. Akachukua kipimo chake, akagusa ncha mbili za waya, kikasoma 3.3. Mgongoni mwa ampli, kwa herufi nyeupe ambazo nilikuwa naziona kila siku, imeandikwa kwamba spika yake ni ya omu 8, kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme. Iliyomo ndani ilikuwa ya omu 4, ambayo kwenye kipimo husoma chini kidogo ya hapo, spika ya gari. «Mutoto yangu,» akaniambia, «hii spika haikuzaliwa humu.»

Alinieleza bila haraka. Ampli iliyoundwa kusukuma omu 8, ukiipa omu 4, hunywa umeme karibu mara mbili, nao umeme huo unageuka joto, na joto likizidi kinga ya ndani inazima sauti ili chombo kisiungue. Kwa hiyo kila iliponyamaza ilikuwa inajiokoa. Nyumbani sikuyaona hayo kwa sababu nilikuwa natumia visikilizi, na spika haikuwa inafanya kazi; kanisani nilikuwa napitia mashine yao, yangu ikisikika kidogo tu. Ilihitaji sebene ndefu na mkono mzito ili uongo utoke nje. Mtu fulani, kabla haijanifikia, alikuwa ameing'oa spika ya kweli, ambayo huenda ndiyo sehemu ya thamani kubwa kuliko zote katika sanduku lile, akaweka hiyo. Siwezi kuapa kwamba ni yule kijana. Ninachojua ni kwamba mtu asiye na la kuficha hukubali chombo kichomekwe kwa nusu saa.

Spika ya omu 8 ya inchi 12 niliagiza Johannesburg kwa mtu anayesafiri na malori, ikapita mpakani Kasumbalesa, ikanifikia kwa dola 95 pamoja na usafiri. Mzee aliifunga kwa skrubu nane za aina moja. Tangu siku hiyo nimepiga nayo harusi nne na kilio kimoja, sebene moja ikipita dakika 20, na ninapoigusa mgongoni ni vuguvugu tu. Mlio wake si ule nilioupenda dukani, ni mzuri kuliko ule, kwa sababu ule haukuwa wake. Chini una uzito unaosikika tumboni, juu hauchomi, na nikiiweka karibu na ukuta, kwenye kona, inapata nguvu ambayo ukumbi mdogo hauhitaji kuongezewa. Basi nasema wazi kwamba ampli ile ni nzuri, na kiwanda nilikidhulumu. Kama mtu anataka kombo moja ya nyumbani na ya harusi ndogo, aina hiyo inamfaa.

Inamfaa, lakini nikisema «inunueni» kwa moyo mweupe nitakuwa nadanganya, kwa sababu kila nikiuona ule mkwaruzo chini ya sanduku, alipoisukuma kwa mguu, damu inapanda. Dola 340 na 95 ni dola 435, na kwa fedha hizo ningepata iliyo kubwa kuliko hii. Na umeme wetu nao si wa kuaminiwa: jioni unashuka hadi taa zinakuwa nyekundu, na ukikatika hurudi kwa kishindo. Mimi huchomoa waya mara umeme unapokatika na kusubiri dakika kadhaa baada ya kurudi, na nimenunua kifaa cha kusawazisha umeme, kile tunachokiita stabilizateri, kabla hata sijanunua begi la gitaa. Kama bamba la nyuma la ampli mnayoitaka limeandikwa kwamba inapokea kuanzia volti 100 hadi 240, hiyo ni afadhali. Yangu ni ya 220 tu, na hilo ni upungufu ambao siufichi.

Nilirudi dukani mara moja tena na spika ile ya gari ndani ya mfuko. Kijana hakuwepo. Mwenye duka aliichukua risiti yangu, akauelekeza muhuri mwekundu kwenye mwanga, akanisomea kwamba kilichouzwa hakirudishwi, akanirudishia karatasi kwa mkono wa kushoto. Spika ile ninayo bado, iko juu ya kabati, pamoja na skrubu zake tatu ndani ya bahasha.

Hivi karibuni nilimsindikiza kijana mmoja wa kwaya yetu aliyekuwa anatafuta ampli yake ya kwanza. Tulikwenda duka jingine, upande wa Kampemba. Alichagua kombo ya inchi 10, ya kutosha kwa chumba na kwa ibada za katikati ya wiki. Nilimwomba muuzaji, nikijiandaa kwa ugomvi, kwamba kabla ya kulipa tufungue wavu tuone spika. Alikuwa mtu wa makamo. Aliinuka kwenye kiti chake, akaenda nyuma, akarudi na bisibisi yake mwenyewe, akapiga magoti pamoja nasi sakafuni na kutumulikia kwa taa ya simu. Skrubu zilikuwa nane, zote nyeusi, na karatasi ya kiwanda ilikuwa nzima. Kijana alihesabu mara mbili, kisha akatoa fedha.